Vipuri Vinavyooana: Historia ya Kompyuta Tunayomjengea Baba Mkubwa

Wiki hii zamu ya insha ni yangu na nimeleta historia. Najua kuna wanaodhani historia ni vita na wafalme peke yake. Leo ni historia ya matundu na pini. Msicheke kwanza, someni.

Tuanze na kitu ambacho kila aliyevuka Mpondwe anakijua. Upande wa Congo, plagi ya redio au ya chaja ina pini mbili za duara, kwa sababu Wabelgiji ndio waliotandaza nyaya za kwanza kule na walikuja na mtindo wa kwao Ulaya. Ukivuka daraja ukafika Bwera, ukutani unakuta matundu matatu ya mstatili. Huo ni mtindo wa Waingereza, walioupanga mwaka 1947. Umeme wenyewe karibu ni ule ule: kule volti 220, huku 240. Redio haina kosa. Ila plagi haiingii, mpaka mtu achukue biki asukume lile tundu la juu ndipo yale mawili ya chini yafunguke, jambo ambalo mama zetu wanalikemea kila siku na wana haki. Yaani Mnande akivuka na Kinande chake anasikilizana na Mkonzo bila mkalimani, lakini redio yake haisikilizani na ukuta.

Vitu viwili kuoana au kukataana hakutokani na bahati. Kuna watu mahali fulani walikaa wakakubaliana, au walikaa wakakataa kukubaliana, au hawakukaa kabisa. Na anayelipa gharama ya ugomvi wao ni mnunuzi wa mwisho. Mnunuzi wa mwisho, mara nyingi, ndo sisi.

Mfano mkubwa zaidi uko hapa hapa wilayani. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilipelekwa kuyeyushwa Jinja, kisha ikaendelea hadi bahari ya Mombasa. Behewa la Kasese liliweza kukimbia njia hiyo yote kwa sababu reli, kutoka pwani mpaka chini ya milima ya Rwenzori, ilikuwa na upana mmoja: milimita 1,000. Sasa tazama Tanzania. Reli ya Kati, iliyoanzishwa na Wajerumani, nayo ina milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, ina milimita 1,067 ili iungane na reli za Zambia na za kusini. Tofauti ni milimita 67, kama upana wa vidole vyako vinne. Zote mbili zinafika Dar es Salaam, lakini behewa la moja haliwezi kupanda nyingine. Mwaka 1998 ikafunguliwa stesheni pale Kidatu ya kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa. Vidole vinne tu! Na Kenya mwaka 2017 wakazindua reli ya tatu, ya milimita 1,435, kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Kwa nini nawapitisha njia hii yote? Kwa sababu ya baba mkubwa wangu. Wengi hapa Kikorongo mnamwita Mwalimu tu. Alifundisha shule ya msingi kule kwetu upande wa Beni miaka mingi, na madaftari yake yote yalibaki siku tuliyokimbia. Sasa anayaandika upya kwa kichwa: majina ya wanafunzi wake, nani ni mtoto wa nani, shamba la fulani lilipakana na la nani, mti gani ulikuwa mpaka, nani alizikwa wapi. Amejaza kauntabuku tatu. Siku moja watu watarudi, na kutakuwa na maneno mengi juu ya mipaka ya mashamba, na wazee waliokuwa wanaijua wanazidi kupungua. Yeye mwenyewe analijua hilo kuliko sisi.

Lakini macho yamechoka. Simu ni ndogo, maandishi yake kwake ni kama mchwa. Anataka herufi kubwa, na anataka kitu ambacho kinaweza kutoa nakala zaidi ya moja, maana ameshapoteza mara moja. Familia imechanga, akiwemo dada aliyeko Kampala. Fedha inatosha kompyuta moja, tena ya kuunganisha vipuri vya mtumba. Ukinunua kipuri kisichooana na vingine, hakuna wa kukurudishia hela. Muuzaji atakuambia kilikuwa kizima kilipotoka mkononi mwake, na atakuwa anasema kweli.

Mtauliza, mbona msinunue laptopu? Tulilijadili. Laptopu ya mtumba ina kioo kidogo, betri yake ikifa ni hesabu nyingine, na kibodi ikiharibika mara nyingi unafungua mwili mzima. Kompyuta ya mezani kila kiungo kinabadilishwa peke yake, na fundi yeyote wa mjini anaweza kuigusa. Huo uwezo wa kubadilisha kiungo kimoja tu haukushuka kutoka mbinguni. Una tarehe zake.

Zamani kompyuta haikuwa na vipuri vya dukani. Uliinunua nzima kutoka kampuni moja, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuuzia kila kitu kilichofuata. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliingia mwaka 1965, ICT 1500 ya Waingereza, ikawekwa Wizara ya Fedha. Mashine ya aina ile ulikuwa unafunga nayo ndoa isiyo na talaka. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hiyo ni insha ya mtu mwingine siku nyingine.

Tarehe 12 Agosti 1981, IBM ya Marekani ikatoa kompyuta ndogo ya mezani, modeli 5150, bei ikianzia dola 1,565. Kikosi kilichoitengeneza kiliongozwa na Don Estridge huko Boca Raton, Florida, na kilipewa muda mfupi sana, kama mwaka mmoja. Kwa haraka hiyo hawakuweza kubuni kila kitu wenyewe. Prosesa wakachukua ya Intel, ile 8088. Mfumo endeshi wakachukua kwa Microsoft. Vitu vingi vya ndani vilikuwa vya kununuliwa sokoni tu. Halafu wakafanya jambo ambalo kampuni kubwa huwa haifanyi: walichapisha kitabu chenye michoro ya saketi zote, mpaka mistari ya programu ya BIOS, ili wengine waweze kutengeneza kadi za kuchomeka ndani yake.

BIOS ni nini? Ni programu ndogo iliyo kwenye chipu, inayoamka kwanza ukiwasha mashine, kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo inayoenda kwa kibodi, kwa diski na kwa kioo, inauliza nani yupo, inawajulisha wao kwa wao. Ni mshenga. Bila mshenga hakuna harusi. Na hapo ndo IBM walipojifungia: vipuri vingine vyote ungeweza kununua mwenyewe, lakini BIOS ilikuwa na hakimiliki yao. Kuichapisha kitabuni haikuwa ruhusa. Tena ilikuwa kama mtego, kwa sababu ukishaisoma kisha ukaandika yako inayofanana nayo, korti itasema umenakili.

Kampuni ya Compaq, iliyoanzishwa mwaka 1982 huko Texas, iliruka mtego huo kwa akili ambayo mimi naipenda sana. Waligawa watu makundi mawili. Kundi la kwanza lilisoma BIOS ya IBM na kuandika tu inafanya nini: ukiiuliza hivi inajibu vile. Kundi la pili lilikuwa la watu ambao hawajawahi kuiona. Hao walipewa maelezo ya kundi la kwanza na kuambiwa, haya, andikeni BIOS inayojibu hivyo. Ikatoka BIOS mpya inayofanya kazi ile ile, na hakuna mstari ulioibwa. Kampuni nyingine, Columbia Data Products, ilikuwa imetangulia kwa miezi kadhaa, lakini mashine ya Compaq, iliyotangazwa Novemba 1982 na kuanza kuuzwa mwaka 1983, ndiyo iliyoshika soko. Mwaka 1984 Phoenix wakafanya BIOS yao kwa mtindo huo huo, na wao wakaiuza kwa yeyote mwenye kuitaka. Mshenga akawa wa kukodi. Viwanda vya Taiwan na kwingineko vikaanza kumwaga madabodi, makasha na kadi, vyote vikifuata umbo lile lile.

Kwa maoni yangu kompyuta ya baba mkubwa ilizaliwa hapo, miaka ya 1982 hadi 1984, na watu walioizaa walikuwa wanatafuta faida yao tu.

IBM hawakufurahi, bila shaka. Mwaka 1987 walitoa ukoo mpya, PS/2, wenye matundu mapya ya kadi ambayo kadi za zamani haziingii, na waliotaka kutengeneza mashine za aina hiyo walidaiwa ada. Walitaka kurudisha ndoa isiyo na talaka. Mwaka 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zikaungana na kutangaza mtindo wao, unaokubali kadi za zamani. Ule mpya wa IBM ukafa polepole. Lakini jambo la kuchekesha ni kwamba PS/2 iliposhindwa iliacha watoto wawili ambao bado tunao. Yale matundu madogo ya duara nyuma ya kompyuta, la zambarau kwa kibodi na la kijani kwa kipanya, jina lake mpaka leo ni PS/2. Na ile plagi ya bluu ya kioo yenye pini 15, VGA, nayo ilitokea na PS/2 mwaka 1987. Kioo kikubwa tulichopata kwa ajili ya baba mkubwa kina VGA peke yake. Kwa hiyo madabodi tunayotafuta lazima iwe na VGA nyuma. Uamuzi wa mwaka 1987 unachagua kipuri chetu leo Kasese.

Tuje kwenye kasha. Mwaka 1995 Intel walitoa mtindo unaoitwa ATX: misumari ya madabodi ikae wapi, matundu ya nyuma yakae upande gani, plagi ya umeme iwe na pini ngapi na kila waya ubebe volti ngapi. Wengine wakaufuata. Ndiyo maana kasha la kampuni moja linapokea madabodi ya kampuni nyingine ambayo hawajawahi hata kusalimiana. Miaka zaidi ya thelathini imepita na mtindo ni ule ule, na matoleo yake madogo kwa mashine ndogo.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinaungua. Kuanzia mwaka 1998 hivi, kwa miaka kadhaa, Dell waliuza kompyuta zenye plagi ya umeme ya umbo lile lile la ATX la pini 20, lakini ndani nyaya zimepangwa tofauti. Plagi inaingia vizuri kabisa, hata inalia “tap!” ikifunga. Ukiwasha, madabodi inaungua au pawasaplai inaungua. Fikirini hilo. Plagi ya Congo kwenye ukuta wa Bwera angalau inakataa mlangoni. Hii inakukaribisha ndani halafu inakupiga. Kwangu mimi tofauti hiyo ni kubwa kuliko zote kwenye historia hii: kuna kitu kisichooana kinachokuambia mapema, na kuna kisichooana kinachonyamaza.

Mashine za ofisini za siku hizi zinazofika kama mtumba, hasa zile nyembamba zinazolala, nyingi zina pawasaplai ya umbo la kampuni yenyewe na plagi isiyo ya ATX. Hizo angalau zinakataa wazi. Lakini ikifa pawasaplai unatafuta ile ile, na ukiikosa mashine yote inabaki boksi. Kwa sababu hiyo tumeamua baba mkubwa apate kasha la ATX la kawaida, hata kama linachukua nafasi mezani na watoto watalichezea.

Na kabla sijasahau: pawasaplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, imeandikwa 115 na 230. Ile 115 ni ya Marekani. Mashine iliyotoka huko kwa msaada inaweza kuja imekaa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye 240 yetu, utasikia mlio mmoja na harufu, basi. Swichi hiyo itazamwe kabla ya kitu chochote.

Prosesa nayo ina hadithi yake, na ni hadithi ya kufunga milango. Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na soketi moja, Socket 7, ambayo ilipokea prosesa za Intel, za AMD na za Cyrix. Madabodi moja, unachagua mchumba kati ya watatu. Mwaka 1997 Intel wakaja na Pentium II iliyokaa kwenye tundu jipya refu ambalo wapinzani hawakuruhusiwa kulitumia. Tangu hapo Intel wana nyumba yao na AMD wana yao. Ukisikia mtu anauza madabodi “ya kompyuta” bila kusema ya nani, usitoe hela.

Hata ndani ya nyumba ya Intel kwenyewe milango inabadilishwa kila mara. Soketi zao zinaitwa kwa idadi ya pini. LGA 1156 ni ya mwaka 2009. LGA 1155 ni ya 2011. LGA 1150 ni ya 2013. LGA 1151 ni ya 2015. Pini moja, pini tano, na prosesa haikai. Mwaka 2017 ikawa mbaya zaidi: prosesa mpya zikatoka kwa soketi hiyo hiyo ya 1151, jina lile lile, lakini madabodi za 1151 za mwanzo hazikuzikubali. Ni kama Dell na plagi yake, ila hapa haiungui, inakataa tu kuwaka. AMD kwa upande wao walitoa soketi ya AM4 mwaka 2016 na wakadumu nayo miaka mingi, prosesa za vizazi kadhaa kwenye tundu moja, ingawa si kila madabodi ilikubali kila kizazi. Kama tungekuwa na hela kidogo zaidi, ningeshauri njia hiyo.

Sisi tuko LGA 1155, kwa sababu ndiyo iliyopatikana kwa bei yetu. Soketi hii ilipokea vizazi viwili: wa mwaka 2011, wale wenye namba zinazoanza na 2 kama i5-2400, na wa mwaka 2012, wenye namba zinazoanza na 3 kama i3-3220. Pini ni zile zile. Lakini mshenga akiwa wa zamani, yaani BIOS ya madabodi ya 2011 ambayo haijasasishwa, hamjui mgeni wa 2012 na hawashi. Na ili uisasishe unahitaji prosesa ya zamani ya kuwashia kwanza. Basi, kwa mtu mwenye prosesa moja tu mkononi, dawa ni kununua madabodi na prosesa zikiwa pamoja, zimekaa, ukaziona zikiwaka mbele ya macho yako. Tumefanya hivyo. Muuzaji alinuna kidogo lakini akawasha.

Ramu imetulia zaidi, kwa sababu kuna baraza la viwanda linaloitwa JEDEC ambalo kampuni zote hukaa na kukubaliana. DDR2 ilitoka mwaka 2003, DDR3 mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014. Volti zinashuka kila kizazi: 1.8, kisha 1.5, kisha 1.2. DDR2 na DDR3 zote mbili zina pini 240 na urefu mmoja, ungeweza kudhani ni dada wawili. Tazama chini yake: kuna pengo dogo limekatwa, na kila kizazi pengo liko mahali pake. Ukijaribu kuingiza ya kizazi kingine, pengo linagota. Waliotengeneza walitaka ikatae kabla haijaharibu. Mimi nawaheshimu watu hao, hata majina yao siyajui. Ni baraza, si mtu mmoja, na pengine ndiyo sababu walifikiria mnunuzi.

Ila pengo halizuii kila kitu. Kuna ramu za seva, zilizotolewa kwenye mashine kubwa za makampuni, zinauzwa rahisi sana. DDR3, pini 240, pengo mahali pake, inaingia. Na kompyuta ya nyumbani haiwaki nazo. Ukiona kwenye kibandiko herufi R imefuata namba za kasi, kama 10600R, iache hapo hapo hata kama bei inakubembeleza. Ramu ya laptopu ni fupi, hiyo utaijua kwa macho. Kwa baba mkubwa gigabaiti 8 zinatosha, vipande viwili vya 4.

Diski sina maneno mengi. SATA ilianza mwaka 2003, plagi ni ile ile mpaka leo, SSD mpya inaingia madabodi ya zamani na mashine inakuwa kama imefufuka. Kama kuna kitu kimoja cha kununua kipya kabisa, kinunueni hicho, kwa sababu ndicho kinachobeba kazi ya mzee.

Kitu kingine cha historia yetu ya hapa. Kwenye bajeti ya mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, televisheni na friji za mtumba. Hoja ilikuwa taka: nchi tajiri zisitumwagie mashine zilizokufa. Na hoja hiyo ina uzito, nani anataka risasi na zebaki kwenye udongo wa shamba? Lakini ukizunguka kwa mafundi utaona mashine zilizotumika ofisini bado zinapita kutoka mtu hadi mtu. Mimi nasema taka ni kile ambacho hakiwezi tena kuunganishwa na kitu kingine. Ile kompyuta nyembamba yenye plagi yake ya pekee inakuwa taka siku pawasaplai inapokufa. Ile ya ATX haiwi taka mpaka kiungo cha mwisho. Kama ningekuwa naandika sheria ya mpakani, ningeanza na umbo la plagi. Tena tukumbuke, shaba ilichimbwa Kilembe juu hapo, na kuanzia mwaka 1999 kiwanda cha Kasese kilitoa kobalti kutoka kwenye mabaki ya mgodi huo. Madini yalishuka mlimani yakaenda mbali, na mashine zinaturudia zikiwa na miaka kumi.

Sasa kuna mlango ambao hauonekani kwa macho. Madabodi iko, prosesa iko, ramu iko, vyote vinaoana. Mfumo endeshi je? Windows 11 ya mwaka 2021 inataka chipu ya usalama, TPM 2.0, na prosesa za karibu mwaka 2018 kuja juu. Yetu ya 2011 au 2012 inakataliwa kwa jina. Windows 10 Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Yaani mashine ni nzima, vipuri vinapatana, na programu inasema huyu mzee sana. Kuna njia za kuizunguka, mnazijua, lakini simwekei mzee wa miaka ile kitu ambacho kitamletea maonyo kila asubuhi. Tutamwekea Linux. Haijali umri.

Msidhani ni kumpunja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Kulikuwa na watu waliokaa wakatafuta neno la kila kitufe. Mrithi wa programu hiyo leo ni LibreOffice, haina malipo, na inakubali herufi kubwa kadiri atakavyo.

Na hapo tunafika kwenye kile ambacho kinanishughulisha kuliko madabodi. Mashine itakufa siku moja, hata ya ATX. Maandishi ya baba mkubwa lazima yafunguke kwenye mashine itakayofuata, na ile itakayofuata hiyo, labda mezani kwa mjukuu ambaye hajazaliwa, labda mbele ya chifu kule nyumbani watu wakibishania mti wa mpaka. Kwa hiyo faili nayo inapaswa kuwa na umbo ambalo si mali ya kampuni moja. LibreOffice huhifadhi kwa mtindo wa ODF, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Maelezo yake yako wazi, yeyote anaweza kuandika programu ya kuisoma, kama lile kundi la pili la Compaq. Tutahifadhi hivyo, nakala moja kwenye SSD, moja kwenye flashi atakayoivaa shingoni kama alivyovaa ufunguo wa shule, na moja kwa dada Kampala. Kila Jumapili mmoja wetu anapita kuandika kurasa ambazo mzee amemaliza kwenye kauntabuku.

Mpaka leo tuna kasha, madabodi na prosesa yake, kioo, kibodi ya PS/2. Ramu tumelipia nusu. Kinachokosekana ni pawasaplai: ATX ya kawaida, plagi ya pini 24 pamoja na ile ndogo ya pini 4 ya prosesa, swichi iwe 230. Mwenye kuijua ilipo, Bwera au Kasese, aniambie kabla ya Jumamosi, ndiyo siku ninayopanda kwenda mjini.